Chalinze Siendi!

Jumamosi, 2 Agosti

Chalinze! Mimi! Ami Bwanausi katangaza leo mbele ya wateja, kikombe cha kahawa mkononi, kama mtu anayetaja bei mpya ya misumari. Anafungua duka la pili la vifaa vya ujenzi huko Chalinze na mmoja wetu atahamia kulisimamia. Ama mimi, ama binamu yangu Sufiani. Mwenye akili zaidi atabaki naye hapa Bagamoyo.

Nikamtazama Sufiani. Sufiani akatazama viatu vyake. Mnafiki mkubwa!

Siendi. Chalinze ni vumbi, malori na honi. Halafu kuna Mama. Tangu Baba afariki tumebaki wawili tu nyumbani. Nikiondoka nani atamsikiliza akiyalalamikia magoti yake? (Na mimi nani atanipikia? Lakini hilo si la msingi.)

Nikiwa katika mawazo hayo akaingia Mzee Haji wa Mji Mkongwe wetu wa hapa Bagamoyo, hasira zimempanda. Kisa: Tofali. Tofali ni programu ya simu tunayoitumia pale kaunta. Unaiambia chumba kina ukubwa gani, inakupa mifuko ya saruji ya kupigia lipu. Mzee Haji alipewa hesabu, akanunua, fundi akaanza, na saruji ikaisha ukuta wa kwanza. Nyumba yake ni ya mawe ya zamani. Kuta zimebonyea huku, zimetuna kule, zinameza lipu tu. Tofali inadhani kila nyumba duniani imejengwa kwa matofali.

Ami akang'aka. Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema Tofali ni programu huria, imetengenezwa na watu wanaojitolea muda wao wa ziada, msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, na yeyote mwenye akili anaweza kuusahihisha. Ami akauliza kama mimi hiyo akili ninayo. Mbele ya wateja! Ningejibu nini?

Tumekubaliana hivi: nikiirekebisha Tofali kabla ya swala ya Ijumaa ya tarehe 15, na jina langu likaonekana humo ndani, nabaki. Nisipoweza, nafungasha. Nimesoma kozi ya kompyuta Dar miezi mitatu nzima. Hii ni kazi ya kunywea chai.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeingia kwenye ukurasa wa mradi. Jambo la kwanza unaloliona: Mwongozo kwa Wageni. Mrefu! Nimeteremsha, nimeteremsha, hauishi. Nimeuacha. Mimi si mgeni, mimi ni fundi nimekuja kazini.

Msimbo wenyewe nimeufungua na kuufunga. Una mambo mengi kwa siku ya mapumziko. Lakini maelezo ya programu yameandikwa kwa Kiswahili, na nimeona nukta zimesahauliwa. Mpango ukanijia. Nitarekebisha nukta, na kila nukta nitaipelekea ombi lake la marekebisho peke yake. Nukta nyingi, maombi mengi, jina langu la Alawi kila mahali. Ami akifungua ataona mimi ndiye mwenye mradi.

Nimetuma hadi kidole kikaniuma.

Kabla ya Magharibi roboti ya mradi, ile inayokagua maombi, imeyafunga yote. Yote! Kisha akaandika mama mmoja wa Norwei, anaitwa Ingrid, ni mmoja wa wasimamizi. Kanishukuru kwa upole kabisa, akaniomba nikusanye nukta zote katika ombi moja na nianze kwa kusoma mwongozo. Upole wa namna hiyo unaudhi kuliko matusi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua kosa langu. Sikusalimia! Umeingia kwa watu, hujabisha hodi, unaanza kuwapangia nukta zao. Mama angenizaba kofi.

Basi leo dukani, wateja walipopungua, nimeandika ombi la heshima. Nimeanza na salamu. Nimeuliza hali zao, hali za watoto, za wazee, za majirani. Nimewapa pole kwa baridi ya Norwei. Nimewapa pole pia kwa msiba wowote ambao huenda umewapata nami sikupata habari. Nimejitambulisha, mimi ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, twaishi mtaa gani. Mwisho kabisa, kwa adabu, mstari mmoja: kuta za mawe zinahitaji lipu zaidi.

Roboti imelifunga. Imesema sehemu zinazotakiwa hazijajazwa. Sehemu zipi? Nimeuliza mpaka hali ya majirani!

Sufiani alikuwa anachungulia begani kwangu. Kaniuliza, kwa ile sauti yake ya kinyenyekevu, kama ule mwongozo ndio unaoeleza sehemu zenyewe. Nimemwambia akapange mabati.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeandika msimbo. Naam! Nimeukuta mstari unaopiga hesabu ya lipu nikauzidisha mara mbili. Kuta za mawe zinakula sana, basi mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu ni namba nzuri.

Roboti imeukataa msimbo wangu kwa alama nyekundu nyingi hadi simu ikawa kama imetoka vipele. Kumbe nimezidisha lipu ya nchi nzima. Kachoo ka uani huko Mbeya sasa kanahitaji saruji ya msikiti. Ingrid kauliza, kwa upole wake uleule, kama nimepima ukuta wowote. Nipime? Macho ya nini?

Lakini hilo si la leo. La leo ni Sufiani. Saa kumi jioni kaniita niangalie simu yake. Ana ombi lake kwenye mradi! Kafuta picha ya zamani, kaweka picha mpya ya ndoo, kwa kuwa mafundi wa huku wanapima mchanga kwa ndoo. Basi. Ndoo! Imekubaliwa, jina lake limo, na Ingrid kamwekea kopa jekundu. Kaniambia aliusoma mwongozo akiwa kwenye foleni ya kinyozi.

Sijala chakula cha usiku. Nimekula, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Duka limefungwa, na Mungu kanifungulia mlango. Nimegundua kwamba mwenye Tofali, aliyeianzisha mwenyewe, si Ingrid. Anaitwa Kulwa na ni mtu wa Magu. Msukuma! Msukuma safi kabisa! Na sisi Wazaramo. Mtani wangu!

Wiki nzima natuma salamu na pole kwa mtani! Ndiyo maana hawanichukulii maanani. Nani anamsalimia mtani kwa adabu? Mtani unamchokoza.

Nimemwambia Mama. Kacheka. Kanikumbusha siku tuliyomzika Baba. Jirani yetu Msukuma, fundi baiskeli, aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe baiskeli ambayo Baba alimkopa akiwa tumboni kwa mama yake. Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka. Mama alicheka siku ile, kwa mara ya kwanza tangu Baba augue. Kasema bila yule mtani asingeimaliza siku.

Basi nimeandika, na nimeandika pale pale hadharani, chini ya msimbo wa Kulwa. Nimemwambia: Wewe Msukuma, nani alikuonesha nyumba? Nyinyi mnalala na ng'ombe, kuta mmeziona wapi? Msimbo wako unanuka zizi. Siku ukifa nakuja kukuzika mwenyewe, na sitoki kaburini mpaka nipewe fahali wako mnono, na sanda yako naivua naenda kushonea pazia.

Utani mtamu sana. Nimeusoma mara nyingi nikicheka peke yangu. Akiuona tu, kazi imekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefungiwa. Milele.

Kulwa hajauona. Yuko harusini kwao, mtandao hakuna. Aliyeuona ni Ingrid, na Ingrid kautia kwenye mashine ya kutafsiri. Kaandika barua ndefu hadharani, na safari hii upole haumo. Kasema mradi hauvumilii vitisho vya kuua, dharau kwa kabila la mtu, wala kufukua makaburi. Kasema wameingiwa na hofu. Kasema ananiombea nipate msaada.

Kufukua makaburi! Mimi ambaye hata mende namuita Mama aje amuue!

Sufiani, mwenye huruma zake, kampelekea Ami ile barua. Ami kaniita stoo, katikati ya mapipa ya rangi, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nimemtishia mtu maisha kwa ajili ya lipu. Nikamwambia ni mtani. Akauliza kama yule mama naye anajua kwamba ni mtani. Nikaanza kupanga mapipa. Akasema hata kama ni mtani, jina langu sasa limo kwenye Tofali kwa namna ambayo hatutaionesha wateja, na nianze kuulizia vyumba vya kupanga Chalinze.

Jumapili, 10 Agosti

Wamemfungia Alawi. Hawajamfungia Mwanajuma.

Mwanajuma ni Mama. Asubuhi nimemfungulia akaunti kwa jina lake, nikaweka picha yake ya harusi ya jirani yetu Wahida, ile aliyovaa miwani. Nimetuma ombi jipya, fupi, na lipu mara mbili kwa kuta za mawe tu. Naona najifunza.

Saa haijapita, Ingrid kajibu. Furaha tupu! Kasema mradi unahitaji sana kina mama wenye uzoefu wa ujenzi, na kamkaribisha Mwanajuma kwenye kikao cha video cha wageni, Jumanne jioni. Kila mgeni atasema machache kuhusu nafsi yake.

Nimemweleza Mama. Kauliza kama hao watu wanajua kwamba yeye hawezi hata kuongeza mwanga wa simu. Nimemwambia atabasamu tu, mimi nitakaa chini ya meza nimnong'oneze. Kakataa katakata. Kasema hajapata kumdanganya mtu kwa video wala bila video. Nikamwambia ni kikao ama Chalinze. Akasema ataangalia, ila sharti avae lile baibui jipya.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika sikio likiwa bado linawaka.

Kikao kimeanza vizuri. Mimi chini ya meza, magoti kidevuni. Mama juu, kanukia udi kwa ajili ya watu wasioweza kuunusa. Ingrid kasema mengi kwa Kiingereza, Mama kaitikia kwa kichwa. Safi kabisa.

Kisha ikasikika sauti ya mwanamume, ya Kiswahili. Shikamoo mama, mimi ni Kulwa, nimetoka harusini Magu. Nikanong'ona haraka: itikia marahaba, nyamaza. Mama hakuitikia marahaba. Mama akauliza, Magu ya Usukumani? Kulwa akasema ndiyo.

Basi! Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Akamwambia shikamoo ya Msukuma haipokei, airudishe kwa ng'ombe wake. Akamuuliza leo nani kamvalisha shati. Akasema siku atakayokufa Wazaramo watacheza ngoma wiki nzima, na michembe yake, vile viazi vyake vikavu, watawalisha kuku. Nikafumba macho. Akaunti ya pili inakwenda, nikajua, na hii ya mama yangu mzazi.

Lakini Kulwa alikuwa anacheka. Kacheka mpaka vitu vikaanguka huko kwake. Akamjibu kwamba Wazaramo hawawezi kumzika mtu, watachimba kaburi nusu kisha watalala kivulini wakisubiri nazi zianguke. Wakaendelea hivyo, huyu akipiga, yule akirudisha, Mama akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio. Sijamsikia akicheka vile tangu kaburini kwa Baba. Nikasahau kabisa kunong'ona.

Ingrid akaomba kuelezwa. Kulwa akamweleza utani ni nini: kwamba watu wa makabila haya wametukanana tangu enzi za mababu na ndiyo namna yao ya kupendana, na asiyetukanwa ndiye mwenye sababu ya kuogopa. Ingrid akauliza mara ya pili. Akauliza tena kama na sanda imo. Kulwa akasema sanda ndiyo yenyewe.

Hapo Mama, kwa raha zake, akateremsha mkono chini ya meza, akanishika sikio na kuniibua mbele ya dunia nzima. Akasema na huyu ndiye muuaji wenu. Msimbo ni wake, mimi hata sijui msimbo ni nini.

Aibu! Aibu isiyo na mfano!

Wamenifungulia. Ingrid kaniomba radhi, kisha akanitaka nami nimuombe radhi kwa kujifanya mama yangu. Tumeombana. Lakini Kulwa, mtani, kanitoza faini. Kasema mara mbili yangu haina kichwa wala miguu. Niende Mji Mkongwe nikapime kuta kwa mikono yangu, nyumba kwa nyumba, nilete vipimo vya kweli. Na niusome mwongozo. Wote.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbili juani, vumbi la chokaa limenijaa puani. Mzee Haji alitaka kwanza kujua kama nimekuja kumlipa saruji yake. Bi Zuleha wa nyumba ya pili alikataa nisipime chumbani mpaka atandike, akatandika hadi adhuhuri. Sufiani alinishikia ncha ya futi kamba. Sikumuomba. Alikuja mwenyewe na chupa ya maji, akawa anaandika vipimo kwa mwandiko wake wa msichana. Aidha, alinisomea ule mwongozo kwa sauti huku mimi napima. Sehemu zote za roboti zimo ukurasa wa kwanza. Wa kwanza! Kwa nini hawakusema?

Kuta hazihitaji mara mbili. Zinahitaji mara moja na nusu na kidogo, tena inategemea zimebonyea kiasi gani. Nimetuma. Roboti imetoa alama ya kijani. Ya kijani, jamani! Nilimkumbatia Sufiani kabla sijajizuia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeshinda!

Asubuhi Kulwa kalikubali ombi. Tofali mpya imeingia kwenye simu ya Ami kabla ya swala. Ukichagua ukuta wa mawe ya zamani inauliza umebonyea vipi, na chini kabisa Kulwa kaandika, kwa ukorofi wake: Kuta hizi zimepimwa na Alawi wa Bagamoyo, mtani wetu, mvivu lakini safari hii alinyanyuka. Msukuma ukipita dukani kwake, mtukane, akupunguzie bei.

Ami aliyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya wateja. Mzee Haji alipiga makofi. Nilisimama kifua mbele, nikamtazama Sufiani kwa huruma, nikaanza kufikiria nimpe shuka langu gani la kwenda nalo.

Ami akasoma tena. Akauliza kama hii Tofali inatumika na Mwanza. Nikasema kwa fahari, kote. Na Shinyanga? Kote, Ami. Akauliza Wasukuma wakija Dar kwa barabara wanapita wapi.

Nikaacha kufikiria shuka.

Akasema malori yote ya Kanda ya Ziwa yanapita Chalinze. Mabasi yote yanasimama Chalinze. Na sasa kila Msukuma mwenye simu kaambiwa amtafute Alawi dukani amtukane. Akasema mtu wa namna hiyo humuweki Bagamoyo kumuuzia bawaba Bi Zuleha. Nikapaza sauti kwamba tulikubaliana mwenye akili abaki! Akakiri, ndivyo alivyosema. Lakini sasa kaiona akili yenyewe, na kaona ni ya barabarani. Sufiani, anayesoma maelekezo, atabaki naye.

Nikakimbilia kwa Mama. Nilijua Mama atakataa. Nikamwambia magoti, upweke, nani atamfungia mlango usiku. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna. Akasema Ami alimpigia simu tayari, na kamjibu sawa. Akasema mtoto wa dada yake, Esha, atakuja kulala hapa. Kisha akaweka nazi chini. Akasema Baba alikuwa akisema kila siku kwamba huyu mtoto watu watamtafuta, na yeye alikuwa akinyamaza kwa sababu hakuona wa kunitafuta. Sasa wamepatikana, na eti mimi nataka kukaa kulinda magoti. Nenda, akasema, magoti yangu yalikuwepo kabla yako.

Nimekwenda uani nimelia. Nimewaambia ni chokaa.

Jumapili, 24 Agosti

Chalinze. Vumbi, malori, honi. Nilisema.

Wasukuma wanakuja kweli. Dereva wa kwanza alinitukana asubuhi sijapiga mswaki. Wananitukana, wanacheka, wananunua, wanaondoka na punguzo. Mama kapiga simu kusema Kulwa kamtambulisha kwa mama yake mzazi, wanatukanana kila jioni, hana nafasi ya kuongea nami sana. Sufiani kaingizwa kuwa msimamizi mdogo wa Tofali. Ndoo!

Lakini sitaozea hapa. Nimeona njia. Ami anasoma Tofali kila siku. Nikisifiwa humo na msimamizi mkubwa, mtu wa nje, ataona mimi ni wa makao makuu, atanirudisha Bagamoyo mwezi huohuo. Msimamizi huyo ni Ingrid. Tatizo ni kwamba bado tunaandikiana kwa adabu, na adabu inachelewesha mambo.

Mwongozo umeongezwa sura mpya, inahusu namna ya kuongea na wasimamizi. Ndefu sana. Nimeiruka. Nimefikiri mwenyewe: Wanorwei wanakula samaki, sisi wa pwani tunakula samaki, kwa hiyo undugu upo, kilichobaki ni mmoja kuanza. Nimemwandikia hadharani, chini ya msimbo wake, kwamba siku akifa nakuja Norwei kumzika mwenyewe, na koti lake la baridi nalichukua.

Nimetuma. Nasubiri acheke.